Mbwa wa nyumba ya watu wawili

Jumapili jioni, Arusha, Julai

Wanandoa wakitaka mbwa huja na jina mdomoni: German Shepherd, Rottweiler, siku hizi na Boerboel. Baba anataka mkali, mama anataka mpole, wanaishia kwa mbwa asiyemfaa yeyote kati yao. Sisi tunaoshughulika na wanyama hawa huanzia kwingine: Jumanne saa nne asubuhi, nyumbani kuna nani? Mbwa atakuwa wa huyo, hata kama hela ilitoka kwa mwingine.

Mara nyingi jibu ni dada wa kazi. Anayemlisha, anayemfungulia banda na kumkemea ndiye mwenye mbwa. Dada akienda kwao Desemba, wenye nyumba wanabaki na mnyama wa kilo 45 wasiyejua hata anaitikia neno gani. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mbegu, mmoja kati ya hao wawili akubali kumpa mbwa angalau mlo mmoja kila siku kwa mkono wake. Asipopatikana wa kukubali, wasubiri kwanza.

German Shepherd anasifiwa kwa akili, na sifa hiyo ni ya haki. Ila akili hiyo ilikuzwa Ujerumani kwa ajili ya kuchunga kondoo, kazi ya kutwa nzima. Ukimfungia kwenye banda tangu alfajiri hadi usiku, kichwa kinajitafutia kazi: anazunguka mpaka nyasi zinakufa kwenye duara, anafukuza mkia wake, anabwekea kila bodaboda. Majirani wanasema ni mkali kweli. Kwa macho yetu, amechoka kukaa. Anahitaji mwendo na mafunzo ya karibu dakika 120 kwa siku, na wanaotoka na gari saa kumi na mbili asubuhi wakarudi saa moja usiku hawana muda huo.

Halafu kuna nyumba za hodi na nyumba za geti lililofungwa. Nyumba ya hodi ni ile yenye kikoba Alhamisi, kikao cha sendofu Jumamosi, na shangazi wa kutoka Rombo asiyetoa taarifa. Boerboel, ambaye dume lake huvuka kilo 60, alikuzwa Afrika Kusini alinde shamba, na hatuoni kwa nini atarajiwe kumtofautisha shangazi na mwizi. Nyumba kama hiyo inamfaa Labrador, mbwa anayependa watu, au chotara wake.

Labrador naye ana ugonjwa wake: tumbo halishibi. Huku kwetu kila kiwanja kina mparachichi, na kokwa likimezwa huweza kukwama kwenye utumbo. Dalili ni kutapika mfululizo, kukataa chakula, tumbo kuwa gumu na kuuma akiguswa, choo kukatika. Hapo hakuna kungoja kesho wala kumnywesha mafuta. Ni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na huenda ikawa upasuaji. Wenye Labrador waokote parachichi zilizodondoka kila asubuhi kabla hawajamfungulia.

Moshi ni habari nyingine, iko chini kuliko Arusha kwa mita 500 hivi na Februari yake haina utani. Husky wa manyoya mazito na mbwa wa pua fupi kama Bulldog wanateseka huko, maana mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema. Hata Rottweiler, mweusi karibu mwili wote, atembezwe kabla jua halijachomoza sawasawa. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami, hesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake zitaungua.

Tukiulizwa bila kuzungushwa, wanandoa wengi tungewapa wa kienyeji. Kilo 15 hadi 20, manyoya mafupi, hali sana, na kubweka anajua. Kosa ni kudhani yeye ni chuma. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, inamuua vile vile. Chanjo ianze akiwa na wiki 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, kisha kwa ratiba ya daktari. Kabla hazijakamilika asikanyage wanapopita mbwa wa mtaani, kwa sababu kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kupe watafutwe katikati ya vidole na ndani ya masikio, na fizi zikipauka, huenda ni ugonjwa wa kupe, usisubiri kumpeleka kwa daktari.

Siku ya kuchagua mtoto, ombeni kwanza kumwona mama yake. Akijificha au akiwavamia, ondokeni, hata watoto wawe wazuri vipi. Akiwa mtulivu, mlaze mtoto chali mkononi kwa sekunde 30. Anayepigana mpaka mwisho atawasumbua watu wapole. Anayelegea tangu mwanzo huenda ni mwoga, au anaumwa. Tafuteni anayefurukuta kidogo kisha akatulia. Si kipimo cha uhakika, lakini ni bora kuliko kuchagua kwa rangi. Na amshike yule atakayekuwa nyumbani Jumanne saa nne, mwingine atazame saa.