Nilivyodhibiti joto la panya katika utafiti wa kiharusi

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili, niliouendesha hapa Dodoma, ulihitaji nisababishe kiharusi kwa panya weupe ili nipime ni kiasi gani cha ubongo hufa damu inapopungua. Uzi mwembamba wa nailoni wenye ncha butu hupitishwa katika ateri ya shingoni hadi uzibe mdomo wa ateri ya kati ya ubongo, na baada ya dakika 90 huvutwa ili damu irudi. Upasuaji huo hujifunzwa kwa mazoezi. Kilichonishughulisha zaidi ni joto la mwili.

Panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hupoa haraka, na asubuhi za Julai mjini kwetu zina baridi na upepo. Mtafiti Busto na wenzake walionyesha mwaka 1987 kuwa tofauti ya nyuzi chache tu za joto la ubongo hubadili sana idadi ya seli zinazokufa. Baridi huulinda ubongo, kwa hiyo mtafiti asiyepima joto anaweza kuisifu dawa yake kwa kazi iliyofanywa na baridi.

Kila panya nilimwekea kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, nikamlaza juu ya pedi ya umeme na kumshikilia kwenye nyuzi 37. Umeme ulipokatika katikati ya upasuaji, mzee wetu wa maabara alileta chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo, akasema, “Mwanangu, zisimguse ubavu, zitamuunguza.”

Hata baada ya kuamka kazi huwa haijaisha, kwani mshipa ukizibwa kwa muda mrefu haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili, huweza kuumia na joto likapanda lenyewe kupita nyuzi 39, jambo ambalo nalo hupanua sehemu ya ubongo iliyokufa. Niliendelea kupima vizimbani, na kigezo cha kumwondoa panya katika uchambuzi nilikuwa nimekiandika kabla ya kuanza.

Dalili ya kiharusi huonekana hivi: panya aliyezibwa mshipa upande wa kushoto, ukimwinua kwa mkia, hukunja mguu wa mbele wa kulia. Kesho yake vipande vya ubongo vililowekwa katika kemikali ya TTC: penye uhai paligeuka pekundu, palipokufa pakabaki peupe. Kwa kuwa joto halikuyumba, ukubwa wa sehemu nyeupe ulikaribiana kati ya panya na panya, hivyo sikulazimika kuongeza wanyama juu ya idadi iliyoidhinishwa na kamati ya maadili.