Aibu ilipoanza kunilegea

Watu wanaonipenda waliniambia mara nyingi: "Si kosa lako." Niliwaamini. Nilijua kwamba mtoto aliyeumizwa na mtu mzima hana hatia, na ningeweza kumweleza mtu mwingine hivyo bila kusita. Ila yakija kwangu, macho yalishuka yenyewe, shingo ikapata moto, koo likakauka. Akili ilikuwa imekubali, mwili ulikataa.

Mnasihi niliyekwenda kwake hakudai nisimulie kisa. Aliniuliza tu mwili wangu unafanya nini ninapolikaribia jambo lile, na tukakaa na swali hilo kwa muda mrefu. Baadaye aliniuliza swali lililonishtua: ninapojiambia "si kosa lako", ninajiambia kwa sauti gani? Nilisikiliza ndani. Ilikuwa sauti ya kukaripia, kana kwamba ninamfokea mtoto anyamaze.

Alinieleza kuwa Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliliona jambo hilohilo kwa wagonjwa wake: maneno yao yalikuwa sahihi, lakini walijiambia kwa ubaridi na ukali, hivyo hayakuwatuliza. Ndipo akajenga tiba inayofundisha huruma kwa nafsi. Kwangu mafunzo hayo yalianza na pumzi: kuvuta taratibu, kutoa taratibu zaidi, miguu ikigusa sakafu. Kisha nilirudia sentensi ileile kwa sauti ambayo ningeitumia kwa mtoto anayelia. Mwanzoni nilihisi naigiza. Niliendelea hivyohivyo.

Kazi ngumu kupita zote ilikuwa uso. Tulikubaliana niseme sentensi moja tu ya yaliyonipata, ndogo kuliko zote, kisha niinue macho nimtazame. Aibu huwa imeshakuamulia utakachokiona: kinyaa. Niliinua macho nikakuta mtu anayenitazama kwa makini, amehuzunika, hajasogea. Siwezi kueleza vya kutosha jinsi hilo lilivyonigusa. Hakuna maelezo yoyote niliyowahi kupewa yaliyonifikia pale. Wiki zilizofuata tuliongeza sentensi, na pale nilipochoka tulisimama.

Kila nilipofunguka, siku iliyofuata nilijawa na hasira juu ya mnasihi na kutaka kuacha tiba kabisa. Nilipomwambia, hakujitetea. Alisema mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alikwisha kuandika mwaka 1971 kuhusu aibu inayopita ndani ya mazungumzo ya tiba bila kutajwa, kisha ikageuka hasira. Tangu hapo tulikuwa tunaitaja mapema: "Kesho aibu itarudi kwa nguvu." Nikajipangia siku hizo ziwe nyepesi, nitembee kidogo, nimpigie simu mtu mmoja ninayemwamini hata kama hatutalizungumzia jambo lenyewe. Ustahimilivu wangu ulijengeka hapo, katika kurudi kwenye kile kiti baada ya kutamani kukimbia.

Sikubaliani na wanaowahimiza waathirika wajitangaze hadharani ili wapone. Ukimfungukia mtu anayedharau au anayetaka kisa tu, aibu huzidi kujichimbia. Mchague msikilizaji, na ujipe ruhusa ya kunyamaza katikati.

Nilipokuwa tayari nilimwambia dada yangu. Nilimwomba kwanza asiulize chochote mpaka nimalize, na asinikumbatie bila kuniuliza. Alitimiza yote mawili. Shingo bado hupata moto siku nyingine, lakini sasa naitambua dalili hiyo na napunguza mwendo wa pumzi kabla sijajitenga na watu. Kwa sasa mimi na mnasihi tumeanza kuzungumza kuhusu watu wazima waliokuwa wakijua, wakanyamaza.