Siku Yangu: Tamasha la Jazi la Alasiri na Mpulizaji wa Dharura

Saa moja asubuhi, nikiwa nyumbani Sinza nafunga nyuzi mpya kwenye gitaa langu la besi, nilipigiwa simu kwamba mpuliza saksafoni wetu amelazwa kwa homa. Tamasha lilikuwa saa kumi alasiri, Upanga, na tiketi zilikwisha kuuzwa.

Hadi saa tatu nilikuwa nimewatafuta wapulizaji wote ninaowafahamu, ila walio wengi walikuwa na harusi, kama ilivyo kawaida ya Jumamosi Dar es Salaam. Aliyekubali ni mzee mmoja wa Ilala, mstaafu wa bendi ya matarumbeta, ambaye pia amepuliza dansi kwa miaka mingi. Nilipomwamkia na kumweleza shida yetu, aliuliza jambo moja tu: "Nota zenu ni za alto? Mimi nina tenori."

Lilikuwa swali la msingi, kwani alto na tenori ni saksafoni za aina mbili, na wimbo tunaoupiga katika ufunguo wa B-flati huandikwa katika G kwa mpuliza alto, lakini katika C kwa mpuliza tenori. Kwa hiyo tangu saa nne hadi adhuhuri niliandika upya nota zetu za alto, kila moja ikipanda nusu-toni 5, yaani hatua tano ndogo kabisa za sauti. Wanaodhani kwamba jazi ni hisia tupu wangeniona siku hiyo na penseli na kifutio.

Saa nane tulianza mazoezi, nayo yalikuwa mafupi. Mzee hakutaka kuupitia kila wimbo mzima. Aliuliza nani anaanza, tunazunguka mara ngapi na tunamalizaje. Muundo wa vipimo 32, yaani mafungu 32 ya mapigo, haukumsumbua. Kilichomsumbua ni mwendo, kwa sababu alizigawa nota sawasawa kama katika dansi, ilhali sisi huirefusha ya kwanza ya kila jozi na kuifupisha ya pili. Mpiga dramu alimwonyesha kwa sahani peke yake, bila maneno, na baada ya mizunguko michache mzee alitabasamu. Hata hivyo, tuliondoa nyimbo mbili ngumu na kuweka bluzi ya vipimo 12.

Saa kumi joto lilikuwa limepandisha sauti ya saksafoni juu ya kinanda cha umeme, naye akairekebisha kwa kuvuta kidogo kipande cha mdomoni. Katika bluzi, zamu yake ilipofika, aliacha mzunguko mzima upite kimya, kisha akaingia kwa vifungu vifupi vya kumjibu mpiga kinanda, jinsi wapulizaji wa NUTA Jazz, bendi ya dansi ya zamani, walivyokuwa wakiwajibu waimbaji. Naamini mgeni wa dharura anayepuliza kidogo ni bora kuliko anayetaka kuonekana.

Saa kumi na mbili tuligawana malipo. Mwenzetu mmoja alipendekeza nauli ya mzee ikatwe kwanza kwenye fungu lake. Nilikataa, akapewa fungu kamili. Mzee alikuwa pembeni akimwomba mpiga dramu namba ya simu, kwa kuwa ana harusi ya kupiga Jumamosi ijayo na dramu yake haina mtu.