"Kila" na "Kuna"

Niliingia chuo kikuu nikitokea mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na nilijiona nimeiva. Kidato cha sita tulikuwa tumekokotoa vikomo, miteremko ya grafu na maeneo yaliyo chini yake, na yote hayo yalikwenda kwa kanuni ambazo ukizikariri vizuri hazikuangushi. Somo la uchanganuzi wa hisabati lilinivua kiburi hicho katika jaribio la kwanza, nilipopata alama 9 kati ya 30. Katika swali lililonigharimu zaidi, mhadhiri hakuandika neno lolote, bali alichora mshale mwekundu uliobadilishana nafasi za alama mbili: ile A iliyopinduliwa, yenye maana ya "kwa kila", na ile E iliyogeuzwa, yenye maana ya "kuna".

Nilikasirika, kwa kuwa niliona nimeadhibiwa kwa kosa la mwandiko. Nilikuja kuelewa nilipoisoma sentensi yangu kwa Kiswahili. Kusema kwamba kila mwanafunzi ana kitanda hosteli si sawa na kusema kwamba kuna kitanda kimoja ambacho ni cha wanafunzi wote, na yeyote aliyewahi kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja, anaijua tofauti hiyo mgongoni mwake.

Swali lenyewe lilihusu x iliyopandishwa kwa kipeo n, pale x inapokuwa kati ya 0 na 1 bila kuifikia 1. Usiku ule nilichukua kikokotoo nikajiuliza n iwe ngapi ili jibu lishuke chini ya 0.01. Kwa x ya 0.9 ilinibidi nifike 44; kwa 0.99, 459; na kwa 0.999, 4,603. Kila x ilikuwa na n yake inayoitosha, lakini hapakuwa na n moja ya kuzitosha zote, maana kadiri nilivyoisogelea 1 ndivyo hesabu ilivyozidi kunikimbia. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba n hiyo moja ipo.

Nilifarijika kidogo kujua kwamba hata Cauchy, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa Paris mwaka 1821, alidai kuwa fankisheni zenye mwendelezo (zile ambazo grafu yake haikatiki) zikijumlishwa katika mfululizo unaofikia kikomo, jumla yake nayo lazima iwe na mwendelezo. Mwaka 1826 Abel, kijana wa Norwei, alionyesha kwa mfululizo wa saini (sine) kwamba dai hilo lina mifano inayolikataa. Ilichukua miaka mingine kabla ya wanahisabati kutenganisha wazi kikomo kinachofikiwa na kila nukta kwa mwendo wake na kile kinachofikiwa na nukta zote kwa pamoja. (Cauchy, bila shaka, hakuwa na jaribio Jumatatu.)

Tangu hapo, kila nadharia mpya huiandika kwanza kwa Kiswahili kamili nyuma ya daftari, nikipigia mstari kila "kila" na kila "kuna", ndipo nikairudisha kwenye alama. Kazi hiyo inachosha, na wenzangu wameshanicheka vya kutosha. Jaribio la pili lilituletea fankisheni ileile, safari hii x ikiishia 0.9, na kuuliza kama kuna n moja ya kuzitosha zote kwa kiwango cha 0.01. Nikaandika 44.