Siku moja maishani mwangu: mbavu, kiwambo na pumzi kwenye kliniki ya osteopathia

Kliniki yetu ya osteopathia, yaani tiba ya mikono ya mifupa, viungo na misuli, iko London, na wanaokuja kwa ajili ya kifua wengi wana pumu, COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), au kikohozi kilichokwisha kikawaachia mbavu zinazouma. Nianze na la msingi: mikono haifungui mirija ya mapafu iliyovimba. Hiyo ni kazi ya dawa ya kuvuta. Sisi tunashughulika na yanayoyazunguka mapafu, yaani mbavu jozi 12, pingili za mgongo zinakoshikia, kiwambo (msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo) na misuli ya shingo. Mtu aliyehangaika kupumua kwa miezi hukakamaa huko, na kila pumzi humla nguvu zaidi.

Saa mbili asubuhi. Dirisha linafunguliwa mapema, na deki inapigwa kwa sabuni isiyo na harufu. Manukato, udi na klorini humbana mwenye pumu kabla hajakaa. Mezani kuna oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu), stetoskopu, tepu ya fundi cherehani, na kipimo cha kupuliza (kinachoonyesha kasi ya hewa inayotoka) pamoja na vidomo vyake vya karatasi vya kutupa.

Saa tatu. Mgonjwa mpya. Kifua kinambana wakati gani? Usiku huamka? Inhela ya bluu, ile ya kufungua mirija haraka, anaitumia mara ngapi kwa wiki? Amewahi kulazwa, au kupewa vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe? Kwa waliokulia kwetu naongeza: "Mama, umepikia kuni au mkaa ndani kwa miaka mingapi?" Moshi wa jikoni huleta COPD hata kwa asiyewahi kugusa sigara, na huku ni swali linalosahaulika kirahisi.

Pumzi nazihesabu dakika nzima huku nimemshika mkono kama napima mapigo, maana akijua anahesabiwa atabadilisha mwendo. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Kwa oksimita, kidole kiwe na joto na rangi ya kucha itolewe. Piko nayo huweza kuvuruga kipimo, hivyo natafuta kidole kisichopakwa. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 94% ya mtu anayehema siipuuzi hata kidogo.

Kipimo cha kupuliza: kaa wima, vuta pumzi yote, ziba kwa midomo, puliza kwa kishindo kimoja. Mara tatu, na tunaandika kubwa kuliko zote. Ikiwa chini ya 50% ya rekodi yake bora, huyo ni wa daktari sasa hivi, kitanda changu kisubiri. Mwisho ni tepu, usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kidari: atoe hewa yote, kisha avute mpaka mwisho. Tofauti ya sentimita 5 ni nzuri. Ikiwa 2, kifua hakifunguki vya kutosha na lazima nijue kwa nini.

Saa nne kasorobo. Kabla ya kumgusa, namwomba anionyeshe anavyotumia inhela. Hapa ndipo ninapoona matatizo mengi: haitikisi, hatoi pumzi kwanza, anavuta kwa ghafla, dawa inaishia kooni. Kwa ile ya kubonyeza: tikisa, toa pumzi, ziba kwa midomo, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta sekunde 3 hadi 5, zuia pumzi sekunde 10, subiri nusu dakika kabla ya kurudia. Ile yenye steroidi ifuatiwe na kusukutua mdomo, la sivyo utando mweupe utaota ulimini. Spesa (chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela) ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila mwezi, kisha iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umemetuamo na dawa hunata kwenye kuta zake.

Saa nne na robo. Sasa mikono. Mgonjwa analala chali, magoti ameyakunja, mimi nimekaa ubavuni kwake. Napitisha vidole chini ya mgongo mpaka ncha zifike kwenye pembe za mbavu, sentimita tatu nne kutoka uti wa mgongo. Siinui kwa nguvu ya vidole. Nashusha viwiko, na vidole vinapanda vyenyewe anapovuta pumzi. Nasubiri nyama ilegee, nashuka ubavu unaofuata, dakika mbili tatu kila upande. Ncha zikisogea mpaka kwenye mfupa wa uti, inauma na mgonjwa anajikaza. Ukienda haraka kuliko pumzi yake, anaanza kuhema. Mbavu za juu huenda mbele na juu. Za chini hufunguka kwa pembeni kama kishikio cha ndoo, kwa hiyo huko mkono unafuata upande huo.

Kisha kiwambo. Vidole gumba chini ya ukingo wa mbavu, mbali na ncha ya kidari. Akitoa pumzi nafuata ndani kidogo. Akivuta sisukumi, nashikilia tu. Pumzi nne zinatosha. Simfanyii aliyetoka kula, aliyepasuliwa tumbo karibuni wala mjamzito. Namalizia shingoni, kwenye misuli inayoinua mbavu mbili za juu, ambayo kwa wagonjwa hawa huwa migumu kweli.

Saa tano na nusu. Zamu ya COPD. Shikamoo kwanza, kisha kichwa cha kitanda kinainuliwa, maana akilazwa chali kabisa anabanwa. Aliyetumia steroidi miaka mingi mifupa yake huweza kuwa dhaifu, hivyo hakuna kugongesha mgongo wala kubana mbavu. Ile mbinu ya kusukuma kifua kwa mikono na kuachia ghafla siitumii kwao: utafiti wa Marekani uliotoka 2008 uliona hewa iliyokwama mapafuni ikiongezeka baada ya tiba ya mikono. Namfundisha kutoa hewa kwa midomo iliyokunjwa, mara mbili ya muda wa kuvuta, na kuegemea mbele viwiko vikiwa mezani.

Wanaouliza kama tiba ya mikono inasaidia nimonia nawaambia ukweli wote. Utafiti mkubwa wa wazee 406 waliolazwa Marekani, uliochapishwa 2010, haukuona tofauti ya siku za kulazwa matokeo ya wote yalipochambuliwa. Nafuu ilionekana tu walipohesabiwa waliokamilisha tiba, na hata hapo wale wa kulinganishwa, waliopapaswa tu bila tiba yenyewe, hawakuachwa mbali. Dawa za kuua vijidudu zinabaki palepale.

Saa nane mchana. Barua kwa madaktari. Anayekohoa damu, anayepungua uzito, au mwenye kikohozi kisichoisha anahitaji picha ya kifua na kipimo cha TB. Aliyeanza kuhema ghafla na ndama moja ya mguu imevimba, asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye midomo imebadilika rangi, hapo ni 999, nambari ya dharura ya huku.

Saa tisa. Wale ambao vipimo vyote ni safi lakini wanashusha pumzi na kupiga miayo mfululizo. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, wa tumboni ndio unaopaswa kupanda. Vuta kwa pua hesabu ya nne, toa hesabu ya sita, dakika 10 asubuhi na jioni. Kizunguzungu kikija, anavuta hewa nyingi mno. Apunguze kina cha pumzi.

Uingereza jina la taaluma hii linalindwa na sheria ya 1993, lakini hatuandiki dawa. Marekani, ilikoanzia kwa Andrew Taylor Still mwaka 1874, wenye shahada ya D.O. (udaktari wa osteopathia) ni madaktari kamili. Popote ulipo, muulize anayekushika amesajiliwa wapi. Akikwambia uache inhela, ondoka.

Saa kumi na moja. Simu za waliotibiwa jana. Misuli kuuma kidogo siku moja mbili ni kawaida. Lakini akisema inhela ya bluu sasa anaitumia zaidi ya wiki iliyopita, miadi yetu inasogezwa na anaonana na daktari wake kwanza.