Hii Gari ni ya Nani?

Pale stegi yetu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, video ya teksi isiyo na dereva imezunguka kwenye simu za watu mpaka imechosha. Usukani unajizungusha wenyewe, kiti cha mbele kitupu, abiria nyuma anajipiga picha. Vijana wa tuktuk wananijia mimi kwa sababu ndiye mwenye mvi: "Jaduong', hawa watu si watatumaliza?"

Mimi nawaambia kabla hujauliza nani anaendesha, uliza gari ni la nani.

Kabla sijapata hii Probox yangu nilikuwa makanga kwenye laini ya Kisumu–Busia. Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, kila kizuizi nilikijua. Kuna matatu moja tuliyofuatana nayo barabara hiyo, tairi zake kipara, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani, stika ya ukaguzi imepauka hata tarehe haisomeki. Ilipita kila kizuizi bila kupunguza mwendo, makanga wake akiinua tu mkono, maana mwenye gari alikuwa mkubwa fulani. Letu lilikuwa la mwalimu mstaafu na halikuwa na kasoro. Tulisimamishwa kila siku. Leseni inageuzwa mbele nyuma, kizimamoto kinatafutwa, vile vibao vya pembetatu vinahesabiwa, na abiria wanaanza kutukana. Swali la kwanza la askari halikuwa breki. Lilikuwa "Hii gari ni ya nani?"

Teknolojia yenyewe siidharau. Waymo, kampuni ndugu ya Google, ilianza kama mradi mwaka 2009, na leo inabeba watu Phoenix, San Francisco, Los Angeles na kwingineko bila mtu kwenye usukani. Gari linaona kwa kamera, rada na miale ya leza, na mji unachorewa ramani ya kina kabla abiria wa kwanza hajapanda. Ramani ya mtaa wetu wa Kondele sijui wangeichora saa ngapi, kwa sababu kibanda kilichokuwa hapa asubuhi, jioni kimeshavuka barabara. Desemba 2025 stima ilipotea sehemu kubwa ya San Francisco, taa za barabarani zikazima, na teksi nyingi za Waymo zikaganda kwenye makutano zikiziba njia. Stima tu! Kwetu stima ikipotea hakuna hata anayeinua kichwa.

Na pale palipokuwa na askari wa kweli, mambo yalikwenda vizuri kiasi. Oktoba 2023, huko huko San Francisco, mwanamke aligongwa na gari la mtu, akarushwa mbele ya teksi ya Cruise, iliyokuwa mali ya General Motors. Teksi ikamgonga, ikasimama, halafu ikaamua kusogea pembeni huku yeye akiwa chini yake. Ilimburuta kama mita 6. Mwezi huo huo jimbo la California likasimamisha kibali cha Cruise cha kuendesha bila dereva, likisema pia kwamba kampuni haikusema ukweli wote. Desemba 2024 General Motors wakaacha biashara hiyo, baada ya kumwaga mabilioni. Hapo waliangalia gari.

Sasa Tesla. Aprili 2019 Elon Musk, bosi wa kampuni hiyo ya magari, aliahidi kwamba mwaka unaofuata kungekuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha. Hazikuja. Mwaka 2024 akatoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na chama chake, na Januari 2025 akakabidhiwa kazi ya kupunguza matumizi ya serikali, ile DOGE. Wakati huo huo idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikuwa na faili za Tesla mezani. Faili moja, ya Oktoba 2024, ilihusu programu ya kujiendesha katika magari kama milioni 2.4. Februari watu wa idara hiyo wakawa kati ya waliofutwa kazi, wakiwemo waliokuwa wakishughulikia magari yanayojiendesha. Sisemi aliwachagua mmoja mmoja. Nasema makanga yeyote wa laini ya Busia angeelewa bila kuelezwa.

Juni 2025 teksi zake zikaanza Austin, Texas. Nauli dola 4.20, wateja wa kualikwa, na mbele, kwenye kiti cha abiria, ameketi mfanyakazi wa kampuni wa kuangalia usalama. Yaani makanga! Baada ya kelele zote hizo wamerudi kwa makanga. Hapo stegi tulicheka mpaka mama wa chai akaja kuuliza kuna nini.

Kicheko changu lakini kina mwisho. Wateja wangu wa uhakika walikuwa watu wa miradi ya Ukimwi. Mmoja nachukua Milimani, mwingine Mamboleo, nyuma kuna visanduku vya baridi vyenye sampuli za damu, na malipo ni ya mwisho wa mwezi bila kubishana. Kisumu, Siaya na Homa Bay zimo katika kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ililipiwa na Marekani. Januari 2025 misaada ikasimamishwa. Februari 3 Musk akaandika mtandaoni kwamba wikendi yao wameitumia kuitia USAID, shirika la misaada la Marekani, kwenye mashine ya kusaga mbao. Mteja wangu mmoja, kliniko ofisa, alipigiwa simu akiwa ndani ya gari, tumekaribia hospitali ya Russia. Akasikiliza, akasema "sawa" mara mbili, akaniambia nigeuze. Tulipofika Kibuye akaniuliza kama najua kodi ya kibanda soko la Jubilee ni pesa ngapi.

Basi hilo gari vijana wanalonionyesha halijafika Kisumu, ila mwenye gari alishafika, na wateja wangu alishaondoka nao.

Baadaye Musk na Trump wakakosana. Juni 5, siku walipotupiana maneno hadharani na rais kutishia kandarasi zake, hisa za Tesla zilishuka asilimia 14 kwa siku moja. Hilo nalo halihitaji mkalimani. Mwenye matatu akikosana na mkubwa wake, kesho gari linalala kituoni, na dereva na makanga, ambao hawakuwa kwenye ugomvi, wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wala tusijifanye hizi ni tabia za Wazungu. Kiwanda cha molasi cha hapa Kisumu kilianza kama mradi wa serikali, kikalala miaka mingi kikishika kutu, kikaishia mikononi mwa kampuni ya familia ya Odinga. Wengi wetu tulishukuru tu kwamba moshi umeonekana tena.

Agosti 2027 tunapiga kura, na msimu umeshaanza. Juzi mfanyabiashara mmoja anayetaka kiti alileta stegi miavuli yenye jina lake na majaketi ya kuakisi ya watu wa boda. Kijana mmoja akasema huyu ni mtu wa biashara, anajua kazi, si kama hawa wanasiasa. Mwavuli nimechukua, mvua ya Kisumu haina chama. Lakini malori yake ya mchanga nayajua. Yanapita usiku yakiwa yamejaa hadi yanamwaga barabarani, na sijawahi kuona hata moja limesimamishwa.