Nilivyotengeneza tanki lenye nchi kavu na maji (udongo usiguse maji!)

Wadau, kama unataka tanki la samaki lenye bustani humohumo, yaani huku maji na samaki, kule nchi kavu na mimea, usikubali mtu akwambie gundisha kioo katikati afu jaza udongo upande mmoja. Ndo ushauri niliopewa na muuza samaki mmoja hapa Arusha na unanikera mpaka leo, maana nasikia wengine bado wanaambiwa hivyohivyo.

Kioo cha katikati kilishika vizuri tu, tone halikupita. Sasa ukimwagilia mimea yale maji yanaenda wapi? Pa kutokea hakuna. Yanatuama chini ya udongo, hewa haifiki, na baada ya muda ukisogeza pua unakutana na harufu ya yai viza. Nikavuta mche mmoja, mizizi imekuwa ya kahawia, inakatika kwa vidole viwili. Kumrudia yule bwana ananiambia punguza kumwagilia! Ndugu yangu, hata umwagilie kijiko, maji yasiyo na pa kutokea yatajaa tu.

Nikabomoa, nikajenga ghorofa. Chukua kreti ya plastiki ile ya kubebea mboga, kata kitako chake kikae upande wa nyuma wa tanki, chini yake weka miguu ya vipande vya bomba la plastiki. Miguu izidi kina cha maji. Maji yangu ni sentimita 15 kwa hiyo miguu nimekata 18, hiyo nafasi inayobaki ndo siri yote. Samaki wanapita chini ya ghorofa, na vitoto vya gapi vinajificha hukohuko visiliwe na mama zao. Juu ya kreti mwaga yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, huku kwetu yamejaa na ni bei ya kutupa, afu kipande cha neti, afu udongo.

Hapo kwenye neti kuwa makini. Jamaa yangu mmoja alitandika shuka kuukuu badala ya neti na pindo likaning'inia mpaka majini. Udongo ukawa chapachapa kila siku na maji ya tanki yanapungua, akajua linavuja, akahamisha samaki wote kwenye ndoo, akapaka silikoni upya, tatizo palepale. Kuja kuniita nikapapasa ukingoni nikashika lile pindo, nikalikamua, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Kumbe shuka linapandisha maji kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Nikalikata kwa mkasi, siku chache mbele udongo ukawa na unyevu wa kawaida. Nilitoka pale kifua mbele kwelikweli.

Mimea sasa. Maji ya huku Meru yana floraidi nyingi sababu ya miamba ya volkano, ndo hiyohiyo inayotia watu meno rangi ya kahawia, na ile mianzi midogo ya kuweka ndani haiipendi, ncha zinaungua watu wanasingizia jua. Mi nakinga maji ya mvua. Mani planti yenyewe haina shida, iache mizizi ishuke mpaka kwenye maji, uchafu wa samaki kwake ni mbolea.

Ninayoipenda kuliko yote ni vayoleti ya Usambara, ile yenye majani ya manyoya. Inauzwa dunia nzima lakini kwao ni milima yetu, Wajerumani waliipa jina la kisayansi mwaka 1893. Porini inaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito, kwa hiyo inataka hewa yenye unyevu ila ukiizamisha shina linaoza, ndo maana kwenye ghorofa inastawi na kwenye lile boksi la udongo ilikufa. Tafadhali usiende kuing'oa kwenye msitu wa Amani huko Usambara, kule inazidi kupungua. Nunua ya kwenye chungu, kata jani moja na kikonyo chake, chomeka kwenye mchanga wenye unyevunyevu, utapata miche ya kugawia majirani.

Gharama zote laki na kitu, tanki ndo limekula nyingi. Ila waulize wenye matanki ya zamani, lenye ufa kwa juu wanakupa hata bure, na wewe maji yako hayafiki huko.